Namna ya Kutafuta Habari za Haki za Wazee

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika somo la Historia na Serikali tumeisoma Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kifungu kwa kifungu, na wengi wetu twaweza kukitamka kifungu cha 57 kwa ghaibu, maana mitihani hukipenda sana. Lakini siku moja mwalimu alituuliza hivi: mzee jirani yako akitaka kufaidi kifungu hicho kesho asubuhi, atabisha hodi mlango gani, na atachukua nini mkononi? Darasa zima likanyamaza. Makala hii ni jibu langu kwa swali lile, kadiri nilivyoweza kulitafuta katika likizo mbili.

Kwanza yafaa tujue mzee ni nani mbele ya sheria. Katika kifungu cha 260, ambacho hueleza maana ya maneno, Katiba inasema kwamba mzee ni mtu aliyepita umri wa miaka 60. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7 katika nchi yenye watu milioni 47.6. Kifungu cha 57 chaitaka Serikali ichukue hatua ili wazee hawa washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wajiendeleze, waishi kwa heshima pasipo kudhulumiwa, na wapate matunzo yanayostahili kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Angalieni kwamba jamaa wametajwa pamoja na Serikali. Mwana aliyemwacha mama yake bila chakula hawezi kusema kwamba hiyo ni kazi ya chifu peke yake.

Watu wengi huniuliza juu ya punguzo: nauli nafuu, bei nafuu, na mengineyo. Wamesikia kwa jamaa walioko ng'ambo kwamba huko Uingereza mzee hupanda basi la mtaani bure. Ni kweli, lakini hiyo ni sheria ya huko. Kifungu chetu cha 57 hakisemi neno lolote juu ya nauli. Mzee akipunguziwa shilingi 20 katika matatu, ni wema wa utingo, nao wema hauna ofisi ya kuudai. Kwa hiyo tusipoteze siku nyingi kutafuta punguzo ambalo halikuandikwa mahali popote, hali yale yaliyoandikwa hatujayafuata.

Jambo kubwa lililoandikwa ni fedha za Inua Jamii. Mpango wa kuwapa wazee fedha ulianza kwa majaribio katika miaka ya 2006 na 2007, kwa wazee maskini wachache tu. Mwaka 2017 Serikali iliandikisha watu wa miaka 70 na zaidi nchini kote, na tangu mwaka 2018 walioandikishwa wamekuwa na haki ya shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa muda mrefu aghalabu zilitolewa kwa miezi kadhaa pamoja. (Ndugu zetu wa Unguja na Pemba walitutangulia: huko pensheni ya wazee wote wa miaka 70 ilianza Aprili 2016.)

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Katiba yasema 60, na Inua Jamii yasema 70. Mzee wa miaka 64 akienda ofisini kudai fedha hizo hurudishwa, naye hurudi nyumbani akisema kwamba amenyimwa haki yake. Hakunyimwa, alikuwa katika umri wa kifungu cha 57 bali hajaingia katika umri wa mpango. Kosa la pili ni kudhani kwamba mtu akifikisha miaka 70 jina lake huingia daftarini lenyewe, kama embe linavyoiva mtini. Sivyo. Ni lazima aandikishwe, na uandikishaji haufanywi kila siku. Hutangazwa, nao hufanywa kwa vipindi. Wako wazee waliofikisha miaka 70 baada ya uandikishaji wa mwaka 2017 ambao walingoja miaka mingi, wengine wasijue kwamba kuna jambo la kungojea.

Mlango wa kwanza, basi, ni baraza ya chifu na ya naibu wake. Matangazo ya uandikishaji hupita huko kabla ya kufika mahali pengine. Mlango wa pili ni ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo, chini ya wizara inayoshughulika na leba na ulinzi wa jamii. Hapo ndipo mtu anapoweza kuuliza kama jina lake limo daftarini, na kama limo, kwa nini fedha hazijafika. Kitu cha kuchukua mkononi ni kitambulisho cha taifa. Mzee asiyeweza kutembea yaruhusiwa amteue mtu wa kumpokelea fedha, na mtu huyo pia huandikishwa kwa kitambulisho chake. Yafaa pia kuuliza njia ya malipo ya wakati huo, kwa kuwa imebadilika zaidi ya mara moja, na mzee aliyezoea dirisha la zamani huweza kukaa miezi akingoja mahali ambapo fedha hazipiti tena. Tena Serikali imewahi kuwaita wanaolipwa waje kuthibitisha kwamba wangali hai. Asiyesikia tangazo hilo akakaa nyumbani, malipo yake husimamishwa kana kwamba amekwisha kufa.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya kitambulisho chenyewe, kwa sababu niligundua kwamba huko ndiko kwenye mzizi wa taabu nyingi.

Wazee wengi wa vijijini hawakuzaliwa hospitalini, wala hawakupewa hati ya kuzaliwa. Siku ya kuandikishwa karani aliwatazama uso, akakadiria mwaka, akauandika. Kwa kijana wa siku zile mwaka mmoja mbele au nyuma haukuwa na maana. Lakini leo kila mwaka uliopunguzwa ni shilingi 24,000. Bibi yangu, mama mzaa mama, ana kitambulisho kinachosema kwamba alizaliwa mwaka 1959. Kwa hesabu hiyo hatafikisha miaka 70 mpaka mwaka 2029. Nyumbani kwake anawalea wajukuu watatu, nasi sote twajua kwamba mwaka ule si kweli. Lakini kujua ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jingine.

Hapa somo la Historia lilitufaa. Mwaka 1961 palikuwa na ukame na njaa, kisha mwishoni mwa mwaka huo huo yakaja mafuriko makubwa ambayo wazee hawajayasahau. Bibi ayakumbuka vizuri: maji yalipoingia uani alimbeba mgongoni mdogo wake wa kiume, akapanda naye mpaka mlimani kwa mjomba wao, huku mama yao akiokoa mahindi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1959 alikuwa na miaka miwili wakati wa mafuriko yale. Hawezi kumbeba mtu. Na zaidi ya hayo, yule mdogo wake alibatizwa misioni, naye angali na cheti chake cha ubatizo, kilichopigwa mhuri, kinachosema kwamba alizaliwa mwaka 1959. Basi kwa kitambulisho cha bibi, yeye na mdogo wake aliyembeba mgongoni walizaliwa mwaka mmoja, kwa mama mmoja, wala hawakuwa pacha! Mama yao aliwazaa watoto wengine wawili katikati yao, nasi tukihesabu nyuma tunafika kama mwaka 1953. Yaani alistahili kuingia katika umri wa mpango mwaka 2023, si 2029. Miaka sita kwa shilingi 24,000 ni shilingi 144,000.

Nimeieleza hesabu hii kwa urefu ili kila msomaji mwenye babu au bibi akae naye jioni moja na kuifanya. Tafuteni jambo kubwa lenye mwaka unaojulikana: mafuriko ya 1961, Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, kifo cha Mzee Jomo Kenyatta cha tarehe 22 Agosti 1978. Kisha ulizeni, siku hiyo ulikuwa ukifanya kazi gani? Ulikuwa umeolewa? Nani alikuwa mgongoni? Halafu tafuteni karatasi ya ndugu au ya mtoto wa kwanza, kwa kuwa karatasi ya mtu mmoja huweza kuutolea ushahidi umri wa mwingine. Kumbukumbu peke yake haitoshi mbele ya karani. Yataka ishikane na karatasi.

Sasa nije kwenye chombo ambacho sikukijua kabla ya kuanza kazi hii, nacho ni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria hii yaeleza namna ya kuipata haki hiyo. Maombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa hiyo mzee asiambiwe aende kutafuta mtu wa kumwandikia Kiingereza. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa analazimika kuyaandika maombi hayo na kumpa nakala. Kupeleka maombi hakuna ada. Mtu huweza kutakiwa alipe gharama ya kiasi ya kunakili karatasi tu. Haki hiyo haipunguzwi na sababu ya mtu ya kutaka habari. Jibu sharti litolewe upesi, na kwa vyovyote vile kabla ya siku 21 kwisha. Na habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Habari zikiwa nyingi au yahitajika mashauriano, ofisi yaweza kuongeza siku, lakini si zaidi ya 14. Kama habari zinazotakiwa ziko katika ofisi nyingine, maombi hayo yapelekwe huko katika siku 5, asirushwe mzee huku na huku. Siku zikipita kimya, sheria yahesabu kwamba maombi yamekataliwa, na mtu aweza kupeleka shauri lake kwa tume ya haki katika utawala, ile iitwayo na wengi Ofisi ya Ombudsman. Mwito wa tume hiyo ni maneno mazuri ya Kiswahili: Hata Mnyonge ana Haki.

Tena sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 13, yampa mtu haki ya kuomba ofisi isahihishe habari zake zilizo na makosa au zilizopitwa na wakati. Ndiyo maana nasema chombo hiki chafaa wazee kuliko watu wengine wote, maana nani mwenye makosa mengi katika madaftari ya Serikali kuliko wao?

Tofauti ya neno la mdomo na barua niliiona mwenyewe. Bibi alikuwa amekwenda mara tatu katika ofisi moja, na kila mara akaambiwa, mama, rudi wiki ijayo. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 400. Safari tatu ni 1,200, karibu nusu na zaidi ya fedha za mwezi mmoja anazozitafuta. Mara ya nne tulikwenda na barua hii:

"Kwa Afisa wa Kutoa Habari. Mimi ni raia wa Kenya, mwenye kitambulisho ambacho nakala yake nimeiambatisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba kujua mambo haya: kama jina langu limo katika daftari la Inua Jamii, kama halimo, ni kwa sababu gani, ni karatasi zipi zinazotakiwa kwangu, na ni lini uandikishaji mwingine utakapofanywa katika lokesheni yetu. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Nimetia dole gumba langu hapa chini."

Tuliiandika mara mbili. Karatasi moja tuliiacha, na ya pili tuliomba ipigwe mhuri wenye tarehe ya kupokelewa, tukarudi nayo. Mhuri huo ndio unaoanza kuhesabu zile siku 21. Barua isiyo na mhuri ni kama haikwenda. Dole gumba lilikuwa la bibi, si langu, ingawa niliandika mimi. Habari za mtu binafsi hupewa mwenyewe au aliyemruhusu, na mimi hata kitambulisho sina bado.

Jibu lilikuja siku ya 16. Halikuwa jibu la furaha, lakini lilikuwa jibu: jina halimo, kwa sababu umri wa kitambulisho haujafika, asahihishe kwanza mwaka wa kuzaliwa katika ofisi ya usajili wa watu, kisha aje. Kwa hiyo tukajua mlango uliofungwa ni upi. Kabla ya hapo tulikuwa tukigonga mlango usio na ufunguo wetu. Ofisi ya usajili haisahihishi mwaka kwa maneno matupu. Hutaka ushahidi, na kwa mtu asiye na hati ya kuzaliwa, yahitajika daktari wa hospitali ya Serikali amkadirie umri. Bibi amekwisha kupimwa. Cheti cha daktari, nakala ya cheti cha ubatizo cha mdogo wake, na barua ya chifu vimepelekwa pamoja, naye amepewa stakabadhi. Yuko katika kungoja.

Kuna mambo mengine machache ambayo wazee wetu huyasahau. Aliyewahi kuajiriwa, hata kama ni zamani katika shamba la mkonge au bandarini, huenda alikatwa fedha za NSSF, mfuko ulioanza mwaka 1965. Akifikisha miaka 60 aweza kuzidai, na mjane aweza kuuliza juu ya za marehemu mumewe. Fedha zilizolala muda mrefu bila mwenyewe, katika benki, bima au hisa, hukabidhiwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Huko mtu huulizia kwa nambari ya kitambulisho bila malipo. Juu ya matibabu, ile bima ya zamani ya NHIF ilikwisha, na tangu Oktoba 2024 mahali pake ni SHA. Mzee na aandikishwe huko hata kama hana fedha za michango, kwa kuwa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa Serikali kwa waliojiandikisha. Karibu yote haya huweza kuulizwa kwa siku moja katika Kituo cha Huduma, na ni afadhali kwenda siku ya katikati ya wiki, maana Jumatatu foleni huanza kabla ya jua.

Neno juu ya watu wanaopita nyumbani wakisema wanaandikisha wazee kwa shilingi 500, au wakitaka kuchukua kitambulisho na nambari ya siri ya simu "wakashughulikie." Kuandikishwa ni bure. Afisa wa kweli huja pamoja na mzee wa kijiji au naibu wa chifu, tena hutangazwa barazani kwanza. Nambari ya siri haina kazi yoyote katika uandikishaji, na anayeitaka aulizwe jina lake mbele ya majirani. Aghalabu hapo hukumbuka kwamba ana safari.

Katika pwani yetu jambo hili la haki za wazee lina uzito mwingine ambao si wa shilingi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo la uchawi pana shamba ambalo vijana wanalitaka. Kifungu cha 57 kinaposema pasipo kudhulumiwa, chasema juu ya hao pia. Mzee aliyetishwa asipeleke barua ya kungoja siku 21. Aende polisi siku ile ile, na jamaa mmoja aende naye, na jambo hilo liandikwe katika kitabu cha matukio, naye apewe nambari yake. Nambari hiyo ni kama ule mhuri: pasipo nayo, kesho hakuna atakayekumbuka kwamba alikuja.

Barua ya mfano nimeibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya maktaba, pamoja na orodha ya miaka ya mambo makubwa ya kuhesabia umri. Anayeitaka aje na kalamu yake ainakili pale pale. Asiing'oe, kwa kuwa imekwisha kuchukuliwa mara mbili, nami nimebakiwa na karatasi moja tu.